Leso, lelemama na jinsia katika ngoma za Mombasa

Lelemama ni ngoma ya wanawake iliyoshamiri katika Mji wa Kale na mitaa mingine ya Kisiwa cha Mombasa tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi katikati ya karne ya 20. Wachezaji husimama safu, wakajongea taratibu, na mikono ndiyo isemayo zaidi kuliko miguu. Mwanahistoria Mmarekani Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, anaonyesha kuwa vyama mahasimu kama Ibinaal Watan na Banu Saada vilikuwa na vyeo vyao, vikishindana kwa sare, nyimbo na karamu. Humo waungwana na wajukuu wa watumwa walikaa chama kimoja, jambo lisilokuwa dogo kwa mji wa nasaba. Wanazuoni waliikemea israfu hiyo, na si wao peke yao.

Vazi la ngoma hizi lisilo na mpinzani ni leso. Jina lake limetokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkononi, kwa kuwa hapo awali vitambaa hivyo viliunganishwa kwa sindano kufanya vazi moja. Nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak, yenye alama ya Mali ya Abdulla, inaihesabu historia yake Mombasa tangu mwaka 1887. Jina la leso, yaani maandishi yake, humwezesha mvaaji kumsuta jirani bila kufungua kinywa. Katika chakacha leso hufungwa kiunoni ili mtikisiko wa nyonga uonekane, na kwa sababu hiyo chakacha ya harusini ni ya wanawake watupu.

Kulikuwa hata hivyo na wanaume waliopita mlango huo. Mwanaanthropolojia Gill Shepherd, katika makala ya mwaka 1987, aliandika kwamba mashoga wa Mombasa waliruhusiwa kuingia upande wa wanawake harusini, na mwaka 1998 Deborah Amory aliirejea mada hiyo. Neno lenyewe lina sura mbili: mwanamke humwita mwenzake shoga kwa mapenzi, na neno lilo hilo likielekezwa kwa mwanamume huwa tusi. Wanaodai kuwa mambo haya yaliletwa pwani na watalii wana kazi ya kulieleza hilo.

Sanaa ya leo imeyakusanya mavazi, jinsia na tarakilishi mahali pamoja, ingawa si Mombasa bali Nairobi. Kundi la The Nest Collective lilitoa mwaka 2014 filamu ya Stories of Our Lives, kuhusu maisha ya Wakenya wapendao watu wa jinsia yao, nayo ikapigwa marufuku nchini mwaka huo huo. Mwaka 2017 kundi hilo lilitoa kitabu cha mitindo ya mavazi, Not African Enough, na filamu ya uhalisia pepe, Let This Be a Warning, ambayo mtazamaji huvaa miwani maalumu na kujiona amezungukwa na tukio pande zote.

Ufundi huo ukiingizwa katika ngoma za Mji wa Kale, utagonga mwamba wa kale: nani ana haki ya kutazama? Ukumbi wa kesha humlinda aliyemo kwa kumzuia asiyealikwa, ilhali miwani humwingiza yeyote. Kwa shoga hatari ni kubwa zaidi, kwani kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha hadi miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 24, 2019.

Upande wa pili, Machi 2018 Mahakama ya Rufani iliyoketi Mombasa iliamua kuwa kuwapima watuhumiwa sehemu za siri kwa nguvu ni kinyume cha Katiba. Kesi hiyo ilihusu wanaume wawili waliokamatwa Kwale mwaka 2015 na kupimwa katika hospitali moja mjini Mombasa.