Mtande na mtandio: ushahidi wa lugha kuhusu ufumaji wa pwani

Ukipita soko la Garsen utaona mitandio ya kila rangi imening'inizwa vibandani, mingi ikiwa imetoka viwanda vya ng'ambo. Si ajabu basi kusikia watu wakidai kwamba Waswahili hawakuwa wafumaji, eti siku zote walivaa nguo za kununua. Mimi nasema lugha yenyewe inakataa.

Hebu tulitazame neno mtandio. Linatokana na kitenzi tanda, na ni ndugu wa mtande, yaani nyuzi zinazovutwa kwa urefu kwenye kitanda cha mfumi kabla ya kazi kuanza. Uzi unaopitishwa kuzikingama huitwa mshindio. Mnunuzi huhitaji jina la nguo tu. Majina ya nyuzi zake ni ya fundi.

Wanaakiolojia nao wana ushahidi. Kule Shanga, kisiwani Pate, kaskazini mwa mlango wa Mto Tana, na pia Kilwa, wamefukua vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati. Kigae kilitiwa kijiti, kikazungushwa kama pia, na pamba ikasokotwa kuwa uzi. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo za huko zikipelekwa hadi Misri. Mwanzoni mwa karne ya 16, Mreno Duarte Barbosa alieleza jinsi Waislamu wa Sofala walivyofumua nguo za buluu za Cambay, kisha wakazifuma upya pamoja na pamba yao nyeupe. Kumbe hata nguo ya kigeni ilikuwa malighafi!

Kilichotokea baadaye ni merikani. Kuanzia miaka ya 1830, vitambaa vya viwanda vya Massachusetts vilimiminika Zanzibar na kuenea pwani. Mtu anayesokota uzi kwa vidole angeshindanaje na mashine? Miradi ya unyunyizaji ya Hola na Bura ilikuza pamba hapa hapa Tana River, lakini ilikuwa pamba ya kuuza viwandani.

Hata hivyo, bado twasema tumbo linanisokota, na mshono umefumuka. Ombi langu kwa walimu ni moja: fundisheni mtande na mshindio pia. Maneno haya mawili yakipotea, tutakuwa tumempoteza shahidi wetu, na wanaodai hatukufuma watabaki bila wa kuwajibu.