Picha za Safari na Nakala Zake katika Bonde la Mkondoa

Kata ya Kisanga, iliyo katika jimbo la Mikumi wilayani Kilosa, imo ndani ya eneo ambalo waandishi wa karne ya 19 waliliita Usagara, nchi ya milima na mabonde iliyopitiwa na misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji. Kila msafiri aliyeandika, aliyechora au aliyepiga picha katika nchi hiyo alilazimika kubeba kazi yake kwa majuma mengi kabla ya kuifikisha melini, na kwa sababu hiyo historia ya eneo hili inafaa sana kuchunguza swali ambalo abiria wa meli za kitalii wa leo huliona kuwa jipya: picha za safari zilindwe vipi wakati safari yenyewe bado inaendelea? Swali hilo lina pande mbili. Upande wa kwanza ni kifaa kinachobeba picha, iwe karatasi, kioo, filamu au kadi, na upande wa pili ni idadi ya nakala na mahali zinapowekwa. Wanahistoria wa upigaji picha wameandika mengi kuhusu upande wa kwanza, lakini katika bonde la mto Mkondoa, ndani ya Usagara, ni upande wa pili ulioamua kipi kibaki na kipi kipotee, na pia nani abaki nacho.

Richard Burton na John Speke walipita Usagara mwaka 1857 wakielekea Ziwa Tanganyika, na waliporudi mwishoni mwa mwaka 1858 walifuata njia ya kusini iliyopitia Maroro, yaani Malolo ya leo, na Kisanga, njia ambayo Burton aliitaja kwa jina la Kiringawana, mtawala wa huko. Msafara huo ulitegemea daftari na michoro, na habari zake zilichapishwa London mwaka 1860. Mswada mwingine wa Burton, unaohusu Unguja na pwani, ulikuwa na bahati tofauti. Aliuacha Unguja mwaka 1857 ili upelekwe London, lakini haukufika. Ulikuja kugunduliwa miaka kadhaa baadaye huko Bombay, katika sanduku la tawi la Royal Asiatic Society, na kitabu kilichotokana nao kikatoka mwaka 1872. Kazi ya miezi mingi ilikuwa imening'inia kwenye nakala moja, na muda wote huo mwenyewe hakujua iliko.

Mfano ulio mkubwa zaidi ulitokea mwaka huohuo wa 1872. Mwezi Machi Henry Morton Stanley aliachana na David Livingstone karibu na Tabora, akakabidhiwa barua pamoja na kitabu kikubwa cha kumbukumbu kilichofungwa kwa lakiri ili kipelekwe kwa binti yake Livingstone. Msafara wa Stanley uliingia Usagara masika yakiwa yamepamba moto, mto Mkondoa, ambao yeye aliuandika Mukondokwa, ukiwa umefurika pamoja na tambarare ya Mkata iliyo chini yake. Katika kivuko kimojawapo mpagazi aliyeitwa Rojab aliingia majini akiwa na sanduku la maandishi ya Livingstone kichwani, akatumbukia katika shimo na nusura azame, huku Stanley akimwelekezea bastola na kumtishia kumpiga risasi iwapo angeliachia. Rojab alivuka na sanduku likavuka salama. Tukio hilo lilichorwa na kuenezwa Ulaya kama ushahidi wa ujasiri wa Stanley, ingawa msomaji mwenye haki ataona kwamba ujasiri ulikuwa wa mtu aliyekuwa ndani ya maji, ambaye shingo yake ndiyo iliyokuwa hifadhi pekee ya maandishi yale kwa dakika hizo.

Hata hivyo Livingstone alikuwa na utaratibu uliompa kinga kiasi. Kitabu kile kikubwa kilikuwa nakala safi ya madaftari madogo aliyoyaandika njiani, na karatasi zilipomwishia aliandika juu ya kurasa za magazeti ya zamani kwa wino alioutengeneza mwenyewe kwa matunda. Kurasa hizo za mwaka 1871 nazo zilisalimika, wino wake ukafifia hadi ukawa hausomeki, kisha kuanzia mwaka 2010 watafiti walizipiga picha kwa mwanga wa aina mbalimbali na maandishi yakaonekana tena. Kwa kuwa nakala zote mbili zipo, imewezekana kuzilinganisha, hasa habari za mauaji ya sokoni Nyangwe, na kuona mwandishi alibadilisha nini aliponakili. Nakala ya pili, basi, hukinga dhidi ya upotevu na vilevile huwa shahidi dhidi ya nakala ya kwanza.

Kamera ilifika kabla ya tukio la Rojab, lakini haikuingia bara kirahisi. James Augustus Grant, aliyefuatana na Speke katika safari ya pili iliyoanza mwaka 1860, alipiga picha Unguja, kisha walipoelekea bara akaiacha kazi hiyo na kushika rangi za maji na penseli. Sababu ilikuwa ufundi wa wakati huo, uliotumia bamba la kioo lililopakwa dawa ya majimaji. Bamba hilo lilipaswa kuandaliwa, kutiwa kamerani, kupigwa picha na kusafishwa kabla dawa haijakauka, jambo lililoruhusu dakika chache tu, na hivyo mpiga picha alihitaji hema la giza, chupa za kemikali, maji safi na masanduku ya vioo vizito, vyote vikibebwa kichwani katika joto linaloharibu dawa. Kila bamba lilikuwa la pekee na lilivunjika kama kioo kingine chochote.

Bamba kavu, lililopakwa jelatini, yaani kitu kama gundi kinachotokana na ngozi na mifupa ya wanyama, lilibuniwa na Richard Leach Maddox mwaka 1871 na likaanza kuuzwa kwa wingi mwishoni mwa muongo huo. Kwa kuwa lingeweza kuandaliwa kiwandani na kusafishwa siku nyingi baada ya kupigwa, liliwawezesha wamisionari, maofisa na wahandisi wa Kijerumani kupiga picha nyingi za bara. Reli ya Kati, iliyofika Morogoro mwishoni mwa mwaka 1907, ikapita Kilosa na kufika Kigoma mwaka 1914, ilipunguza safari ya majuma hadi siku, na meli za Deutsche Ost-Afrika Linie, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1890, zilichukua mabamba na picha hadi Hamburg. Dar es Salaam alikuwapo Walther Dobbertin, mpiga picha aliyeacha mkusanyiko mkubwa wa picha za koloni na za vita, ambao sasa uko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani. Mkusanyiko wa Chama cha Koloni cha Ujerumani, uliohifadhiwa katika maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt, una picha zipatazo 55,000 zilizokwisha kuwekwa katika mfumo wa kidijitali.

Abiria wa meli nao walichangia uhifadhi bila kukusudia. Meli ilipotia nanga Unguja, abiria walishuka na kununua picha na postikadi katika studio kama ile ya A. C. Gomes, wakazituma kwao. Picha moja iliyochapwa mamia ya mara na kutawanyika katika nyumba za nchi nyingi ni vigumu kuipoteza, kwani haiwezekani nyumba zote zikaungua kwa pamoja. Makusanyo yaliyopo leo, kama ule mkusanyiko wa Winterton katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, yamekusanywa kutokana na albamu na karatasi zilizotawanyika namna hiyo.

Hapa ndipo penye dosari kubwa ya historia hii, nayo haifai kupitwa kimyakimya. Picha za kale za Usagara ziliokoka kwa sababu nakala zilipelekwa mbali, lakini zilipelekwa karibu zote, hata mkazi wa Kilosa anayetaka kuuona mji wake ulivyokuwa kabla ya mwaka 1916, Waingereza walipouteka, hana budi kuutafuta Frankfurt. Kanuni ya kuweka nakala mahali pengine inadai kwamba nyingine ibaki mahali picha ilipopigwa, na nusu hiyo ya kanuni haikutekelezwa.

Filamu ilipochukua nafasi ya kioo, mzigo ulipungua lakini unyevu ukabaki adui. Jelatini hulainika kwa joto, huota ukungu kwa unyevu na huvutia wadudu, hivyo filamu za nchi za joto zilifungwa katika makopo ya bati yaliyozibwa, na wapiga picha walishauriwa kuzisafisha mapema na kuzihifadhi pamoja na kitu cha kufyonza unyevu. Mchele uliokaangwa hadi ukawa wa kahawia ulitumika kwa kazi hiyo mahali palipokosekana dawa ya kiwandani. Kwa wananchi, mtunzaji mkuu alikuwa mwenye studio. Mteja aliondoka na picha ya karatasi na studio ikabaki na negativu, yaani filamu iliyosafishwa ambayo mwanga na giza vimegeuzwa, na ambayo picha mpya zingeweza kuchapwa kutokana nayo. Capital Art Studio, iliyoanzishwa Unguja na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kuendelezwa na mwanawe, inaonyesha thamani ya utaratibu huo, kwani picha zilizobaki mikononi mwa familia hiyo ni kumbukumbu ya mji mzima, kabla ya Mapinduzi ya mwaka 1964 na baada yake.

Mwaka huo wa 1964 ndipo Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilipoanzishwa, ikapanuliwa mwaka 1975 hadi kilomita za mraba 3,230, na barabara ya Morogoro hadi Iringa inayokatiza ndani yake ikawaleta wageni wenye kamera kwa maelfu. Wageni hao waliondoka na filamu zisizosafishwa, wakaziona picha zao kwa mara ya kwanza wakiwa kwao.

Mto Mkondoa ulirudi kuwa mwamuzi mwishoni mwa Desemba 2009. Mvua kubwa zilileta mafuriko yaliyoendelea hadi Januari 2010, yakakata reli kati ya Kilosa na Gulwe na kuwafanya maelfu ya wakazi wa Kilosa kuhamia kambini. Picha ya karatasi ikikaa katika maji ya matope hunata na jirani yake, tabaka la jelatini likivimba na kubanduka pamoja na sura ya mtu, na albamu ya harusi au ya ubatizo isiyo na negativu popote haina pa kurudishwa. Hasara za namna hiyo haziingii katika hesabu za serikali za madaraja na nyumba, ingawa kwa familia nyingi ndizo zisizofidiwa kamwe.

Picha ya kidijitali, ambayo sura yake huandikwa kwa tarakimu, ilibadilisha hali hiyo kwa jambo moja la msingi: nakala yake haiwi duni wala haififii kuliko ile ya kwanza. Kamera ya majaribio aliyoitengeneza Steven Sasson katika kampuni ya Kodak mwaka 1975 ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti, na tangu hapo kuhifadhi kumekuwa sehemu ya kazi ya kamera yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watalii waliopita Tanzania walijaza kadi ndogo na kuzimwaga kwenye sidii katika intaneti kafe za mijini. Mkongo wa SEACOM ulipotia nanga Dar es Salaam mwaka 2009 kulifunguka uwezekano wa kutuma picha kwenye wingu, yaani kompyuta kubwa za mbali zinazokodishwa kwa ajili ya kuhifadhi.

Abiria wa meli ya kitalii anayeshuka Unguja, akaruka kwa ndege ndogo hadi Mikumi na kurudi jioni, bado yuko karibu na hali ya Stanley kuliko anavyodhani. Intaneti ya baharini hupitia setilaiti na kwa miaka mingi ilikuwa ghali na ya polepole, na hata baada ya kampuni kubwa za meli kuanza kutumia Starlink kuanzia mwaka 2022 picha nzito za siku nzima huweza kuchukua muda mrefu kupanda. Kwa hiyo wasafiri makini hunakili kadi kila usiku kwenye kompyuta na kwenye diski ya kubebeka, hawafuti kadi hadi wafike kwao, na huweka diski mbali na kamera, moja chumbani melini na nyingine mkobani. Mpiga picha wa Kimarekani Peter Krogh aliuweka utaratibu huo katika kanuni inayojulikana kwa tarakimu tatu, yaani nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine kabisa.

Kwa wakazi wa Kisanga hifadhi ya kila siku ni simu, na njia ya kusambaza ni WhatsApp, ambayo kwa kawaida hupunguza ukubwa wa picha kabla ya kuituma, hivyo kundi la ukoo linaweza kuwa na nakala hamsini za picha moja bila hata moja iliyo kamili. Google nayo ilikomesha hifadhi yake ya bure isiyo na kikomo tarehe 1 Juni 2021, na aliyeitegemea alipaswa kulipa au kupunguza. Simu ikiibwa na nywila ikisahaulika, picha zilizomo zimekwenda.

Mfano ulio bora wa kutunza nakala uko jirani, katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa iliyoanzishwa mwaka 1992. Mwaka 2005 kamera za kutega, zinazojipiga zenyewe mnyama anapopita, zilinasa katika msitu wa Ndundulu sura ya sange mkubwa asiyejulikana kwa sayansi, na baada ya wanyama wenyewe kukamatwa mwaka uliofuata, spishi hiyo ilitangazwa mwaka 2008 kwa jina la Rhynchocyon udzungwensis. Tangu mwaka 2009 vituo 60 vya kamera hizo hutegwa hifadhini kila mwaka. Kadi hutolewa kwa miguu, zikanakiliwa na kupewa kumbukumbu ya mahali na tarehe, na picha huingizwa pia katika hazina ya kimataifa inayosomwa na watafiti wa nchi nyingine. Kazi hiyo husimamiwa kutoka kituo cha ufuatiliaji wa ikolojia kilichofunguliwa Mang'ula mwaka 2006, kando ya milima hiyohiyo, ambako vijana wa vijiji vinavyoizunguka wamefundishwa kutega kamera, kusoma kadi na kutambua wanyama waliomo.