Chama cha Mafundi wa Philadelphia

Somo la leo ni juu ya wanaume waliokutana kila juma ili wasaidiane kuwa watu bora.

Mwaka 1727 Benjamin Franklin, mpiga chapa wa miaka 21 aliyeacha shule akiwa na miaka 10, alianzisha chama mjini Philadelphia, katika Amerika iliyotawaliwa na Waingereza. Kiliitwa Junto. Wengi wa wenzake walikuwa watu wa kazi: wapiga chapa, fundi wa vioo, fundi viatu, seremala, karani.

Tuseme wewe ni fundi, nawe umealikwa. Utakuta nini? Utafika Ijumaa jioni. Kabla ya kupokewa utasimama, mkono kifuani, uulizwe mambo manne. Je, unamdharau yeyote aliyemo humu? Wawapenda binadamu wote, wa kila dini na kila kazi? Yafaa mtu adhuriwe mwili, jina au mali kwa ajili ya mawazo yake? Waipenda kweli kwa kuwa ni kweli, nawe utaitafuta bila upendeleo?

Ukiisha kukaa, utasikia orodha ya maswali 24. Nani amefilisika, na kwa sababu gani? Nani amefanikiwa, na kwa njia gani? Ni kijana gani anaanza kazi, tupate kumsaidia? Kila miezi mitatu utasoma insha yako mwenyewe. Katika mabishano hasira haitakiwi. Mwenye kumkanusha mwenzake waziwazi hutozwa faini ndogo.

Mazungumzo hayo yalizaa matunda. Mwaka 1731 watu 50 walikubali kutoa shilingi 40 kila mmoja, wakaanzisha maktaba ambayo ipo hata leo.

Lakini angalieni jambo moja. Wanawake hawakuwamo. Na katika mji uleule watu weusi waliuzwa. Gazeti la Franklin lilichapa matangazo ya kuwauza, naye mwenyewe alikuwa na watumwa. Aliyeweka swali la kuwapenda binadamu wote hakulitimiza. Ilipita miaka 60 hata, mwaka 1787, akiwa mzee wa miaka 81, akawa rais wa chama cha Pennsylvania cha kupinga utumwa.

Basi, katika vikundi vyenu zungumzeni hili: sisi tukikutana ili kujiendeleza, ni nani tusiyemwalika, na kwa nini?