Njiwa wa Chuma wa Manhattan

Januari 2004, msanifu majengo Santiago Calatrava, Mhispania mzaliwa wa Valencia, aliwachorea wakubwa wa New York picha ya mtoto akimwachia njiwa aruke. Stesheni mpya ya World Trade Center, alisema, itakuwa njiwa huyo: mbavu nyeupe za chuma, na paa lenye mbawa mbili zinazofunguka kuonyesha anga. Ilikuwa haijatimia miaka mitatu tangu majengo pacha yaanguke. Mji wenye msiba haukubishana sana na mchoro kama ule. Bajeti ilitajwa kuwa dola bilioni 2, na kazi ingekamilika 2009.

Lakini hapakuwa mahali patupu. Julai 1909 reli iliyopita chini ya mto Hudson kutoka New Jersey ilifikishwa hapo, katika stesheni iliyoitwa Hudson Terminal. Juu yake yalisimama majengo mawili ya ofisi, kila moja ghorofa 22. Chini palikuwa na maduka, na abiria aliyeshuka alipita mbele ya kaunta za wachuuzi kabla hajaliona jua. Kampuni ya reli ilipofilisika, mwaka 1962 Mamlaka ya Bandari ya New York na New Jersey iliichukua. Haikuwa hisani. New Jersey isingekubali mradi wa World Trade Center bila reli ya watu wake kuokolewa, na mradi ukasogezwa hadi pale pale treni zilipoishia. Majengo pacha ya zamani yakabomolewa kupisha pacha wapya warefu zaidi, na mwaka 1971 stesheni nyingine ikafunguliwa chini yao, nayo ikiwa na maduka. Anayeudhika leo kuona viatu na manukato vikiuzwa karibu na mahali pa maombolezo ana haki ya kuudhika, ila ajue kwamba biashara ilitangulia.

Baada ya Septemba 11, 2001, treni zilirudi Novemba 2003 katika stesheni ya muda. Ile ya Calatrava ikaendelea kubadilika kabla haijajengwa. Polisi walihofia mabomu, hivyo mbavu zikaongezwa, zikawa nyingi na nzito. Gharama zikapanda, na mwaka 2008 mbawa zikakatazwa kusogea. Kilichobaki cha kufunguka ni upenyo mrefu wa vioo kwenye uti wa mgongo wa paa.

Upenyo huo ndio moyo wa jengo. Ukumbi, ambao watu huuita Oculus, umelazwa kwa pembe isiyofanana na mitaa jirani, ukifuata mwanga wa jua wa Septemba 11. Siku hiyo, saa 4:28 asubuhi, dakika ulipoanguka mnara wa kaskazini, jua hupita sambamba na upenyo na kuchora mstari juu ya marumaru nyeupe. Wazo hilo lilianza kwa Daniel Libeskind, aliyepanga ramani ya eneo zima. Calatrava akalipa mwili. Nairobi, ambako al-Qaeda walilipua ubalozi wa Marekani Agosti 1998, mahali pa mlipuko palifanywa bustani ya kumbukumbu. New York ilitaka yote katika kiwanja kimoja: kumbukumbu, ofisi, reli na soko.

Ukumbi ulifunguliwa Machi 2016 bila shamrashamra, kwa sababu bili ilikuwa imefika karibu dola bilioni 4 na wakuu wenyewe waliona haya. Maduka yakafuata Agosti. Baada ya upenyo kufunguliwa kwa kumbukumbu ya 2018, paa likaanza kuvuja maji ya mvua.

Sisemi ni jengo baya. Ukisimama katikati, bila nguzo hata moja mbele yako, shingo inajiinua yenyewe, na watalii wanaojaza sakafu ile kupiga picha hawadanganywi. Ila stesheni hupimwa kwa safari inazowezesha, na kwa kipimo hicho njiwa huyu ni ghali mno. Fedha zote zile hazikuongeza hata handaki moja chini ya Hudson: treni za New Jersey zinaingia hapo kwa mahandaki mawili yale yale ya 1909.