Vishubaka vya Mwalimu Murray

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya mwalimu wa lugha ni maneno, naye aweza kupotelewa kama mfanyabiashara. Wengi wetu tunafanyia kazi meza zilizofunikwa na madaftari ya wanafunzi, barua, na vipande vya karatasi tulivyoandikia neno tulilolisikia sokoni. Yafaa basi tuitazame kazi ya mwalimu mmoja wa Uingereza, James Murray.

Mwaka 1857 Chama cha Filolojia cha London kilianza shughuli iliyozaa kamusi kubwa ya Kiingereza. Wasomaji wa kujitolea walinakili sentensi kutoka vitabuni, kila moja katika kikaratasi chake. Murray, aliyekuwa akifundisha katika shule ya Mill Hill, alipokubali kuwa mhariri mwaka 1879, aliletewa karibu tani 2 za vikaratasi hivyo. Katika gunia moja mlikuwamo panya aliyekufa. Vya herufi H vilikuwa Florence, Italia. Na vingi vya maneno yanayoanza na Pa vilikwisha kuwashiwa moto huko Ireland.

Murray alitanguliza kupanga kabla ya kuandika. Alijenga banda la mabati bustanini mwake, akatia humo vishubaka zaidi ya 1,000. Vikaratasi vilipangwa kwa alfabeti, kisha kwa maana, kisha kwa tarehe. Hata watoto wake walisaidia, wakilipwa fedha kidogo.

Pamoja na uangalifu huo, vikaratasi vya neno “bondmaid”, yaani kijakazi, vilipotea. Juzuu ya kwanza ilikamilika mwaka 1888 bila neno hilo, ingawa limo hata katika Biblia ya Kiingereza. Liliingizwa katika nyongeza ya mwaka 1933, na Murray alikwisha kufariki mwaka 1915.

Ikiwa penye vishubaka elfu neno lilipotea, itakuwaje penye meza yenye chungu ya karatasi? Sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na pwani twasikia maneno ya wavuvi wa maziwani na ya wachimba migodi, ambayo mtunga kamusi aliye mbali hayasikii. Kisanduku kimoja chatosha kuanzia. Katika kila kadi tuandike neno, maana, mahali na tarehe, na tuirudishe kadi mahali pake kabla ya kufunga mlango jioni.