Erin Jackson: kasi iliyoanzia kwenye lami

Mwanzoni mwa Januari 2022, kwenye uwanja wa barafu wa Milwaukee, Marekani ilikuwa inachagua wanawake wa mbio za mita 500 za kuteleza kwenye barafu kwa ajili ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya Beijing. Erin Jackson, aliyekuwa ameshinda mbio nne kati ya nane za Kombe la Dunia msimu huo, aliponyokwa na mguu katikati ya mbio. Hakuanguka, ila mbio zinazokwisha chini ya sekunde 38 hazikupi nafasi ya kujikusanya. Akamaliza wa tatu, na nafasi zilikuwa mbili. Mwanamke aliyekuwa anaongoza dunia akabaki nje.

Aliyeshinda siku ile ni Brittany Bowe. Naye akaiachia nafasi yake, akampa Jackson.

Ili uelewe kwa nini, lazima uwafuate wote wawili hadi Ocala, mji wa Florida unaosifika kwa ufugaji wa farasi. Kule ni joto. Barafu wanaijua kama tunavyoijua sisi huku Hewa Bora, hapa Lubumbashi, ile ya friji. Lakini Ocala ilikuwa na viatu vya magurudumu, na ilikuwa na kocha Renee Hildebrand. Mikononi mwa mama huyo mmoja walipita Bowe, Joey Mantia na Jackson, na wote watatu wakafika Olimpiki ya barafu. Jambo hilo hunigusa kuliko medali zenyewe: mji usio na barafu kutoa wakimbiaji watatu wa barafu, kwa sababu mtu mmoja alikaa na watoto akawafundisha namna ya kupinda goti na kusukuma ardhi.

Jackson alizaliwa mwaka 1992. Alikulia kwenye magurudumu, akaingia timu ya taifa ya mchezo huo, na masomo hakuyaacha: mwaka 2015 alihitimu uhandisi wa vifaa katika Chuo Kikuu cha Florida. Mwaka 2017 ndipo alipogeukia barafu kwa dhati. Baada ya takriban miezi minne tu ya mazoezi alifuzu kwenda Olimpiki ya Pyeongchang, Korea Kusini, ambako alimaliza wa 24.

Magazeti yaliipenda sana hiyo miezi minne, yakaifanya kama muujiza. Mimi naona inawanyima haki wote wawili, yeye na kocha wake. Miguu ile ilikuwa imesukuma lami tangu utotoni. Kilichokuwa kigeni ni kiatu. Kiatu cha barafu cha mbio kina chuma kirefu chembamba, na kwa mbele kimefungwa kwa bawaba: kisigino kinanyanyuka, chuma kinabaki chini kikiendelea kusukuma hadi mwisho wa hatua. Halafu kuna namna ya kushindana. Kwenye magurudumu mnakwenda kundi zima, mkisukumana na kuviziana. Kwenye barafu mnatoka wawili wawili, kila mtu na njia yake, mnabadilishana njia ili umbali ulingane, na anayewahukumu ni saa peke yake. Kuyazoea hayo kulimchukua miaka, na ndiyo miaka ya kazi ambayo watu hawaisimulii.

Matunda yalionekana Novemba 2021 huko Tomaszów Mazowiecki, Poland, alipokuwa mwanamke wa kwanza mweusi kushinda mbio za Kombe la Dunia katika mchezo huu. Kabla yake Shani Davis, Mmarekani mweusi, alishatwaa dhahabu ya mita 1000 kwa wanaume kwenye Olimpiki ya Turin mwaka 2006. Kwa wanawake, mlango ulikuwa bado umefungwa.

Tarehe 13 Februari 2022, kwenye mita 500 za Beijing, ukafunguka. Jackson alitumia sekunde 37.04. Miho Takagi wa Japani alitumia 37.12, na Angelina Golikova wa Urusi 37.28. Dada mmoja kutoka mji wa joto akawa mwanamke wa kwanza mweusi kupata dhahabu ya mtu mmoja mmoja katika historia ya Olimpiki ya Majira ya Baridi, na Mmarekani wa kwanza kushinda mita 500 za wanawake tangu Bonnie Blair mwaka 1994. Lubumbashi, iliyowashangilia mabinti wa TP Mazembe walipotwaa ubingwa wa soka wa vilabu vya Afrika mwaka 2024, inajua ushindi wa namna hiyo unavyofika mbali kuliko uwanja uliochezewa.

Na Bowe? Nchi nyingine ziliporudisha nafasi zao, Marekani iliongezewa moja, naye akakimbia mita 500 pia, bila kufika jukwaani. Umbali wake hasa ulikuwa mita 1000. Tarehe 17 Februari aliukimbia, Takagi akachukua dhahabu aliyoikosa siku nne kabla, Jutta Leerdam wa Uholanzi akawa wa pili, na Bowe akavishwa shaba.