Palizi ya Kilosa na Maji ya Chini

Kwa miongo mingi palizi Kilosa ilikuwa kazi ya jembe. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, ilipita hapo, na mashamba ya mkonge yakaenea Kimamba na Rudewa. Wakati wa Mwingereza, manamba, yaani vibarua wa mkataba, walifanya kazi kwa kipande: siku 30 zitimie ndipo mtu alipwe. Jasho lilimwagika sana, lakini nyasi zilizolimwa zilinyauka juani zikaishia hapo.

Mwaka 1960 ikaanzishwa Kampuni ya Sukari ya Kilombero. Kiwanda chake cha pili kilijengwa miaka ya 1970 huko Ruhembe, wilayani Kilosa, kusini mwa Mikumi. Baada ya ubinafsishaji wa 1998 wakulima wadogo wa miwa waliongezeka. Muwa mchanga hauwezi kushindana na magugu kabla majani yake hayajafunika mistari, na vibarua wa kupalilia eneo kubwa kwa wakati ni gharama. Pampu ya mgongoni ya kunyunyizia dawa ya magugu ikapata kazi.

Miongoni mwa dawa zilizozoeleka duniani kwenye miwa na mahindi ni atrazini, iliyobuniwa na kampuni ya Geigy ya Uswisi miaka ya 1950. Wengi huogopa zaidi glifosati, ambayo madukani huitwa Randapu. Kwa maji ya kisima, hofu hiyo imekosea njia: glifosati hung'ang'ania udongo, ilhali atrazini huushika kidogo tu. Masika yakianza siku chache baada ya kupiga dawa, sehemu yake huteremka na maji, hasa penye kichanga. Juu, vijidudu vya udongo huimeng'enya kwa wiki au miezi. Kule chini vijidudu ni wachache, nayo hudumu miaka. Ujerumani iliipiga marufuku 1991, na miongo miwili baadaye mabaki yake yalikuwa bado yanaonekana katika maji ya ardhini.

Tazama kifuniko cha chupa ambacho mkulima hupimia dawa. Atrazini ya maji kwa kawaida ina gramu 500 kwa lita, kwa hiyo mililita mbili zilizobaki humo ni gramu moja. Ulaya huruhusu mikrogramu 0.1 kwa lita ya maji ya kunywa. Gramu ile moja inatosha kufikisha lita milioni kumi kwenye kikomo hicho. Ni kikomo cha tahadhari, na Shirika la Afya Duniani linakubali kiasi kikubwa zaidi, lakini hesabu hiyo yatosha kumzuia mtu asisuuze pampu kando ya kisima.

Maji hayo hayabadiliki rangi wala ladha. Vipimo vya kawaida vya kisima hutafuta chumvi, floraidi na vimelea. Kwa atrazini panahitajika mashine ya kromatografia. Pa kuulizia kipimo hicho ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ambamo taasisi ya utafiti wa viuatilifu ya Arusha iliunganishwa mwaka 2020. Visima vya Ruhembe na vya Kidodi jirani vinastahili kupimwa kwa mashine hiyo kabla ya masika na baada yake, kila mwaka, na majibu yasomwe kwenye mkutano wa kijiji.